Kiazi kinachoshinda mnyauko na kiazi kinachouficha: kipi cha kupanda?

"Kuna mbegu isiyonyauka?" Swali hili nimeulizwa njiani, kanisani, mnadani, hata msibani. Nalima viazi mviringo Umalila, Mbeya, na kwa misimu kadhaa sasa nazalisha mbegu kwa ajili ya wakulima wa jirani. Zamani nilikuwa najibu kwa kutaja jina la aina. Siku hizi namuuliza kwanza aliyeniuliza: shamba lako likoje, maji ya mvua yanaingia kutoka kwa nani, na viazi utakavyovuna utaviuza vyote au utabakiza vingine uvirudishe ardhini? Bila majibu hayo, jina la aina halimsaidii, na linaweza kumtia hasara.

Kwa mkulima wa nyanda zetu za juu kusini, awe Umalila, Makete, Njombe au Kilolo, naona njia tatu. Ya kwanza ni kupanda aina iliyozalishwa ili ivumilie mnyauko. Ya pili ni kubaki na aina inayopendwa sokoni, isiyo na kinga yoyote ya maana, lakini kwa mbegu safi. Ya tatu, ambayo vijana wengi wananiuliza siku hizi, ni kuzalisha aina yako mwenyewe kutoka kwenye punje za tunda la kiazi. Nitazilinganisha kwa kipimo kimoja ambacho naona ndicho kinachosahaulika: kilichomo ndani ya kiazi baada ya kuvuna. Majani yanadanganya.

Kwanza, ni mnyauko gani

Nausemea mnyauko wa bakteria. Wengi huuchanganya na baka chelewa, ule ukungu unaochoma majani wakati wa mvua na manyunyu, ambao dawa ya kupulizia huuzuia ukiwahi. Huu mwingine haupulizwi. Shina linalala mchana majani yakiwa bado ya kijani, jioni linainuka kidogo, na baada ya siku chache haliinuki tena. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, usubiri dakika chache: kama ni wenyewe, nyuzi nyeupe kama maziwa zitashuka kutoka kwenye mkato. Kiazi chake ukikipasua utaona pete ya kahawia, na ukikiminya kinatoa usaha. Udongo nao hunata kwenye macho ya kiazi kwa sababu ya ute huo huo.

Bakteria hao wanaitwa Ralstonia solanacearum. Erwin Smith wa Marekani aliwaeleza kitaalamu mwaka 1896, na mpaka leo hakuna dawa dukani inayoweza kuwatoa ndani ya mmea. Wanaingia kupitia vidonda vya mizizi, iwe vya jembe, vya minyoo fundo (viminyoo vya udongoni vinavyotoboa mizizi), au pale tu mzizi mdogo unapochomoza. Wakishaingia wanahamia kwenye mishipa inayopandisha maji, wanazaliana na kutoa ute mzito unaoiziba. Kwa hiyo mmea unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye udongo wenye maji.

Hapo ndipo mimea inapotofautiana. Upo mmea unaowazuia bakteria wasisambae wala wasizaliane sana kwenye mishipa yake: huo una ukinzani. Upo mwingine unaowabeba na kuendelea na maisha, ukijaza viazi kama kawaida: huo ni mstahimilivu. Kwa mtu aliyesimama kwenye tuta, mimea yote miwili ina majani mabichi na maua mazuri.

Nililielewa hili kwa kumuumiza shemeji yangu. Nilimpa magunia matatu ya mbegu kutoka shamba langu la juu, ambako asubuhi za Juni vidole hufa ganzi kwa baridi. Nilikuwa nimepita tuta kwa tuta na sikuona shina hata moja lililolala. Yeye alipanda chini, kuelekea bonde la Songwe, kwenye joto. Viazi havijachanua, mashina yakaanza kuanguka, mengi kwa wiki. Alichovuna hakikufikia mbegu aliyopanda, na kwa muda mrefu aliamini kwamba nilimpa viazi vibovu nikijua. Bakteria wa viazi vya milimani wanavumilia baridi, na udongo ukishuka chini ya nyuzi joto 15 hivi wanaweza kukaa ndani ya mmea bila dalili yoyote. Shamba langu la juu lilikuwa linaugua kimya kimya, na mimi ndiye niliyeusafirisha ugonjwa.

Sasa fikiria aina ya kiazi inayofanya hivyo hivyo hata kwenye joto.

Aina zilizozalishwa kuvumilia

Hakuna aina ya kiazi isiyougua kabisa mnyauko huu. Anayekwambia anayo ama hajui, ama anataka kumaliza mzigo. Zipo zinazougua kidogo, na historia ya kuzipata inaonyesha kwa nini ni chache.

Kiazi tunachokula kina kromosomu 48, yaani nyuzi za urithi ndani ya seli, zilizopangwa katika seti nne, yaani kila sifa inaweza kuwa na nakala nne zinazovutana. Ukinzani dhidi ya mnyauko hautegemei jeni moja, yaani chembe moja ya urithi, unayoipandikiza ikakaa. Isitoshe, ndani ya viazi vya kawaida hakuna kinga kubwa ya kuanzia. Watafiti ikabidi waende kwa ndugu wa kiazi huko Amerika ya Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Luis Sequeira na mwenzake Rowe, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, walionyesha kwamba viazi vidogo vya Kolombia viitwavyo Solanum phureja vina ukinzani unaoweza kurithishwa. Kutokana na kazi ya aina hiyo zilipatikana aina zilizopandwa Peru, kama Caxamarca na Molinera. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini ukinzani wa phureja una udhaifu unaotugusa: joto likipanda hulegea, kundi la bakteria likibadilika huweza kushindwa, na minyoo fundo ikishatoboa mizizi kinga hushuka. Aina inayosifika kwenye jaribio la mlimani inaweza kuanguka ukiipeleka kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, mwezi wa Oktoba.

Ndugu mwingine ni Solanum commersonii, kiazi cha porini cha Uruguay na nchi jirani. Huyu anawabana bakteria ndani ya mishipa wasisambae, na kwangu huo ndio ukinzani wa kutamani. Shida ni kwamba hakubali kuzaa na kiazi chetu moja kwa moja: ana kromosomu 24, na hata hesabu hiyo ikisawazishwa bado mbegu hazishiki kirahisi. Watafiti wamelazimika kuunganisha seli maabara, au kupitia spishi ya tatu kama daraja. Mtoto anayepatikana anarithi na uchungu wa porini, zile sumu za asili zinazofanya kiazi kiwashe kooni, hivyo inabidi azalishwe tena na tena na viazi vya kuliwa mpaka uchungu uishe, na kila mara sehemu ya kinga inaweza kupotea njiani. Nikikumbuka hilo, siwalaumu watafiti kwa kuchelewa. Nawaheshimu.

Kwa upande wa Afrika, mfano ulio wazi zaidi ni Cruza 148, aina iliyotoka Mexico na kuenea Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Warundi wanaijua kama Ndinamagara. Ilivumilia baka chelewa na ikasimama kwenye mashamba ambayo aina nyingine zilikuwa zinalala. Familia nyingi zilikula kwa sababu yake, na hilo si dogo. Lakini ni mstahimilivu, na viazi vyake vinaweza kuwabeba bakteria bila kuonyesha kitu. Mkulima anachagua viazi vizuri, ukubwa wa yai la kuku, anampa jirani mwenye shamba safi na aina dhaifu, na shamba la jirani linakwisha.

Kwetu majina yanayotajwa ni mengine: Kikondo, Arka, Obama, ile tunayoiita CIP kutokana na Kituo cha Kimataifa cha Viazi cha Lima, na zilizokuja baadaye kama Asante, Sherekea na Sagitta. Hapa naomba umakini, kwa sababu neno "inavumilia magonjwa" limeharibu mashamba ya watu. Sherekea, kwa mfano, inasifiwa kwa kuvumilia baka chelewa, na sifa hiyo ni ya kweli. Haifuniki mnyauko. Ukimsikia muuzaji anasema aina fulani "haiugui", muulize ugonjwa gani, ilijaribiwa wapi na kwenye joto gani, na je, viazi vyake vilipasuliwa baada ya kuvunwa au watu walihesabu tu mashina yaliyosimama.

Aina ya sokoni kwa mbegu safi

Wachuuzi wanaopakia Mbeya kwenda Dar es Salaam wananunua kile wauza chipsi wanachokitaka. Aina mpya, hata iwe na kinga, ikinyonya mafuta au ikiwa nyeusi kwenye kikaango, itabaki shambani au itauzwa kwa bei ya kutupa. Hii ndiyo nguvu ya njia ya pili: huhitaji kumshawishi mtu yeyote sokoni.

Hesabu yake ndiyo inayowatisha watu. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, ekari moja inachukua karibu mashimo 18,000. Kila kiazi cha mbegu kikiwa na gramu 50, unahitaji kama kilo 900. Ni pesa nyingi kwa mara moja, na ndiyo maana wengi wetu tunapanda vile vidogo vilivyobaki baada ya lumbesa kufungwa. Lakini geuza hesabu hiyo hiyo upande wa pili. Kama kiazi kimoja tu katika kila mia kina bakteria, umepanda vyanzo 180 vya ugonjwa, vimetawanywa sawasawa shamba zima, na kila kimoja kina majirani pande zote.

Ninachofanya, na ninachowashauri wengine, ni kutonunua mbegu ya ekari nzima. Nunua gunia moja au mawili kutoka kwa mzalishaji anayekaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, iwe mbegu iliyothibitishwa au ya kuazimiwa ubora, au uliza kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole wanaowajua waliopata mbegu yao kutoka maabara. Panda hicho kidogo kwenye kipande ulichokitenga, mbali na njia ya ng'ombe na juu ya mashamba mengine, usiwe chini yao. Kwangu gunia moja hutoa sita hadi nane. Msimu unaofuata una mbegu yako. Kabla ya maua kufunga, weka vijiti kwenye mashina yenye nguvu zaidi na uyavune peke yake. Shina lolote likilala, ling'oe na viazi vyake na majirani zake, ubebe kwenye mfuko nje ya shamba. Na kisu usikitumie kukata mbegu. Kisu kimoja kilichopita kwenye kiazi kimoja kigonjwa kinaweza kupanda ugonjwa mstari mzima.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja nao ni mkubwa: mbegu safi haina ulinzi wowote ikikutana na udongo mchafu. Umalila ni milima. Mvua ikinyesha kwa jirani wa juu, maji yake yanashuka kwangu na chochote kilichomo. Nilitumia wiki mbili kuchimba mtaro wa kontua, unaokata mteremko kwa usawa, juu ya kipande changu cha mbegu, na nikakaa na jirani huyo kuzungumza kabla sijachimba, maana mtaro unaomrudishia mtu maji huleta ugomvi. Majembe nayaosha na maji yenye jiki. Vibarua wanaotoka kuvuna shamba lingine asubuhi hawaingii kwangu na matope yale yale miguuni.

Shamba likishaugua, lipumzike. Mahindi, ngano, ulezi, vitunguu, kabichi: hivyo vinafaa. Nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili na tumbaku ni ukoo mmoja na kiazi, na mnavu unaoota wenyewe ni wa ukoo huo huo. Nimeona mtu akiacha viazi miaka miwili na kulima mahindi, huku maotea ya viazi, yaani vilivyobaki ardhini vikaota vyenyewe, yamesimama katikati ya mahindi bila kung'olewa. Huyo hajapumzisha kitu. Bakteria waliendelea kula chakula chao kila msimu. Mimi nahesabu miaka mitatu kuanzia siku niliyong'oa otea la mwisho.

Kuzalisha aina yako mwenyewe

Viazi vikichanua vizuri hutoa matunda madogo ya kijani yanayofanana na nyanya changa. Hayaliwi, yana sumu, na watoto waambiwe. Ndani yake mna punje nyingi, na kila punje ni mmea mpya usiofanana kabisa na mama yake, kwa sababu ya zile seti nne za kromosomu zinazochanganyika upya. Faida kubwa ni kwamba magonjwa mengi yanayosafiri ndani ya kiazi hayapiti kwenye punje. Unaanza safi.

Naipenda kazi hii. Nina kitalu kidogo nyuma ya nyumba na kila mwaka naotesha. Lakini kama unataka kinga dhidi ya mnyauko, elewa jambo hili kabla hujatumia miaka yako: ukichukua punje za aina dhaifu iliyochavushwa na aina dhaifu, utapata mamia ya watoto dhaifu wenye rangi mbalimbali. Lazima mzazi mmoja awe na kinga ya kweli, na wazazi wa namna hiyo wako mikononi mwa vituo vya utafiti. Kutoka punje hadi aina inayosajiliwa ni miaka kumi au zaidi hata kwa wataalamu. Kwa kikundi cha wakulima, nafasi nzuri zaidi ni kuomba kushirikishwa katika majaribio, ardhi iwe yenu na macho yawe yenu, wakati wazazi wanatoka kituoni.

Na ukijaribu, iwe kwa watoto wa punje au kwa aina yoyote uliyoletewa, fanya hesabu mbili. Tumia kipande ambacho tayari kinaugua, kilicho chini kabisa, na kisitoke hata kiazi kimoja kwenda kupandwa kwingine. Panda mistari ya aina unayoipima, na kati yake mistari ya aina unayojua inanyauka. Kama ile dhaifu haikunyauka, jaribio halikuwa na ugonjwa wa kutosha na halina jibu. Hesabu ya kwanza ni mashina yaliyolala. Ya pili, ambayo karibu kila mtu anairuka, ni ya viazi: chukua vile vilivyotoka kwenye mashina yaliyobaki na afya, viweke mahali pa joto, kama nyuzi 30, wiki tatu au nne, kisha vipasue kimoja kimoja. Kwenye baridi ya Umalila sebule haitoshi. Mimi huvipeleka kwa ndugu anayeishi bondeni, kwenye ndoo yenye mfuniko, na vikishapasuliwa vinachomwa. Kituo cha Lima kilitengeneza pia kipimo cha maabara cha kuwagundua bakteria waliojificha, na kikundi kinachoshirikiana na watafiti kiulizie.

Aina inayopata alama nzuri kwenye hesabu ya kwanza na mbaya kwenye ya pili ni ya kula na kuuza, isiwe mbegu. Inayofaulu zote mbili ndiyo ya kuitafutia jina.

Basi uchague vipi

Kama shamba lako ni safi, au ni jipya, au limekaa kwenye nafaka muda mrefu, usiingize aina stahimilivu kwa sababu tu umesikia sifa zake. Utakuwa umefungua mlango kwa mgonjwa asiyekohoa. Panda aina ya soko lako kwa mbegu safi na utumie nguvu zako kwenye mtaro, majembe na maotea. Hii inawahusu hasa wenzangu wa juu, Umalila, eneo la Kikondo na Makete, kwa sababu mbegu zetu ndizo zinazoshuka kwenda kwa wengine, na baridi yetu inaficha makosa yetu.

Kama shamba linaugua na unalo lingine, pumzisha hilo. Sina cha kuongeza hapo.

Kama linaugua na huna lingine, na watoto wanategemea kipande hicho hicho, aina stahimilivu ina haki yake. Ipande, uvune, mle na muuze. Mbegu ya msimu unaofuata inunuliwe kwingine kila mara, na usimpe mtu hata debe moja akapande, awe ndugu au rafiki. Najua ugumu wa maneno hayo katika jamii zetu, ambako kumnyima mtu mbegu ni kama kumnyima moto. Mpe viazi vya kupika, na umweleze kwa nini.

Wa bondeni, wenye vinyungu vya umwagiliaji na joto la kutosha, nawaweka peke yao. Kwenu ukinzani wa kweli ungekuwa na thamani kuliko popote, kwa sababu kwenu ugonjwa haujifichi, unaua. Mpaka uje, msinunue mbegu ya mlimani kwa kuangalia majani ya shamba ilikotoka. Chukueni ndoo moja ya mbegu hiyo mwezi mmoja kabla ya kupanda, mkaiweke kwenye joto lenu, mpasue. Shemeji yangu hufanya hivyo sasa kwa kila gunia langu, mbele yangu, na mimi ndiye ninayemshikia kisu.